Uji wa Kitanda cha Saba

Mlango wa Nyumba ya Pumzi una kitasa upande mmoja tu, upande wetu. Nimeufikiria mlango huo kuliko nilivyowahi kuifikiria ndoa yangu, na mpaka leo simjui aliyeutengeneza, wala sijui kama alikuwa na mama. Ndani tuko sisi wauguzi na vitanda kumi na viwili vya watu wanaopumuliwa na mashine. Nje liko Benchi, la mbao, refu, sijawahi kuuona mwisho wake, na juu yake wamekaa watu wao. Juu ya mlango yameandikwa maneno kwa rangi nyeusi: MGONJWA NI WA NYUMBA, ANAYENGOJA NI WA BENCHI. Kila nikipita chini ya maneno hayo huuliza kimoyomoyo, kwa idhini ya nani? Hakuna anayejibu. Basi nakwenda kunawa mikono na kuvaa glavu.

Saa yetu ya ukutani haina mishale. Ilikuwa nayo zamani, nadhani, au labda nayachanganya haya na nyumba nyingine niliyofanyia kazi katika maisha mengine. Ndani tunahesabu muda kwa pumzi. Nje wanauhesabu kwa chupa, zile chupa za chai zenye maua ubavuni na kifuniko cha kunywea, wanazojaza uji huko walikofikia na kuzileta asubuhi kwa ajili ya mgonjwa. Muuguzi hufungua mlango kidogo, kiasi cha mkono kupita, huzipokea moja moja, na baadaye huzirudisha. Hapo ndipo Benchi husoma habari zake. Chupa ikirudi tupu, mtu wako yu hai. Ikirudi imejaa, usiulize kitu. Kunja mkeka wako, jifunge kanga, anza safari ya kwenda kuwajulisha ndugu. Hakuna aliyeitunga desturi hiyo, na sisi wauguzi tuliikumbatia kwa mikono miwili kwa sababu ilitupunguzia kazi ya mdomo. Kusema "amefariki" ni kazi nzito. Kurudisha chupa ni kazi ya mkono tu.

Sasa nitasema jambo ambalo kila muuguzi analijua na kila aliye kwenye Benchi angelijua kama angekubali kulifikiri. Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili anayeweza kumeza. Wana mirija kooni. Wanalishwa kwa dripu, maji yasiyo na rangi yanayoingia tone kwa tone kwenye mishipa. Uji hauwahusu kabisa. Matroni Sabela, mkubwa wetu, alinifundisha siku yangu ya kwanza, akiwa amesimama kwenye sinki na mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko. "Pokea, mwaga, osha, rudisha," alisema. "Ukirudisha imejaa umemuua mtu ambaye hajafa." Nikamwona ni mwanamke mwenye huruma sana. Nilimwona hivyo kwa muda mrefu.

Tatizo langu ni kwamba mimi siwezi kumwaga chakula. Nilikulia katika nyumba ambayo tulikuwa tukilamba sufuria kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo chupa za wengine walizimwaga wenzangu, lakini chupa ya kitanda cha saba, kitanda changu, niliinywa mimi. Nilijifungia kwenye stoo ya mashuka, nikakaa juu ya furushi, nikanywa mpaka tone la mwisho. Nilijiambia kwamba huo ndio upole. Mtu mwenye njaa huwa hakosi falsafa.

Kwenye kitanda cha saba alilala Raya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyeletwa na homa iliyompanda kichwani na kumzima kama mtu anavyozima taa akitoka chumbani. Nje alimngoja baba yake, Mzee Ngwali, fundi wa kupaka chokaa, mfupi, mwenye weupe usiotoka chini ya kucha. Mkewe alikuwa amekufa. Tangu hapo Raya ndiye aliyempikia, na mzee huyo katika umri wake wote hakuwahi kushika mwiko. Aliyemfundisha kukoroga uji ni Bi. Salha, mwanamke anayemngoja mgonjwa wa kitanda cha tatu, aliyekaa kwenye Benchi muda mrefu hata ubao ukachukua umbo lake. Alimfundisha kwa maneno tu, wakiwa wamekaa pale, na Mzee Ngwali alikuwa akirudia kwa sauti ya chini: maji kwanza, unga baadaye, usiache kukoroga.

Uji wa siku ya kwanza ulikuwa mbaya, sitaficha. Niliunywa. Nilipomrudishia chupa tupu aliipokea kwa mikono miwili, akaitikisa sikioni, akafungua, akachungulia ndani.

"Kaumaliza?"

"Kaumaliza, mzee wangu."

"Kasemaje?"

Hilo halikuwemo katika mafunzo ya Matroni. Wengine huchukua chupa zao na kushukuru, huyu aliuliza. Nikasema, "Kasema asante." Kesho yake akauliza tena, na mimi siku hiyo nilikuwa bado nina kiu iliyoletwa na uji wenyewe, nikajikuta nimesema, "Kasema una chumvi nyingi."

Mzee Ngwali alicheka. Sijui kama Benchi lilikuwa limewahi kusikia kicheko; watu waligeuka mpaka kule mbali ambako sura zao sizioni. "Huyo ndiye Raya," alimwambia Bi. Salha. "Mchaguzi huyo tangu hajaota meno. Nilijua tu, akianza kulalamika amepona."

Hapo ndipo nilipopotea. Nilikuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na yeye kwa mafuta hayo akamwona mwanawe. Kila siku aliuliza, kila siku nilimjibu kwa ulimi wangu na kwa jina la mwingine. Una mabonge. Leo afadhali. Weka ndimu. Naye aliweka ndimu. Nikaanza kuota mchana, nimesimama kando ya kitanda na sirinji mkononi, ua wa nyumba ambao sijawahi kuukanyaga, ndoo za chokaa zimepangwa ukutani, sauti inaniita nikanawe. Niliwahi kumtazama Raya usoni nikashangaa kwa nini nimelala pale. Niliwahi kumsikia Mzee Ngwali akikohoa nje ya mlango na moyo wangu ukasema, baba keshafika. Je, mtu ni yule anayelala, au ni yule anayelishwa? Kama baba anapika, na kinywa kinapokea, na neno linarudi, nani atasema kwamba hapo hapana binti? Nilikuwa nikiuliza hivyo nikijua vizuri sana kwamba nauliza ili nisijibu. Raya alikuwa akipungua uzito. Mimi nilikuwa nikinenepa.

Chupa kumi na moja. Zinaweza kuwa siku kumi na moja au miaka kumi na moja, kwetu haina tofauti.

Asubuhi ya chupa ya kumi na mbili, Matroni Sabela alitoka kumwona Raya, akavua glavu kidole kimoja kimoja. Figo zilikuwa zimesimama. Mashine ilikuwa inasukuma hewa ndani ya kitu kisichoitaka tena.

"Hafiki alasiri," alisema.

"Baba yake yuko nje."

"Najua yuko nje. Wote wako nje."

"Nataka aingie amshike mkono."

Matroni alinitazama kwa uchovu, si kwa ukali. "Tukimwingiza mmoja wataingia wote. Wakiingia watajua."

"Watajua nini, Matroni?"

"Kwamba na sisi tunangoja tu," alisema, akaitupa glavu kwenye pipa. "Wao wana Benchi, sisi tuna mashine. Mtu akilijua hilo atakaa vipi pale nje? Atashikilia nini? Mwache mzee wa watu. Jioni utamrudishia chupa yake imejaa, ataelewa. Ndivyo tunavyofanya, na hajawahi kutulaumu mtu."

Hakuna aliyewahi kutulaumu, ni kweli. Kwa kitasa cha upande mmoja mtu atamlaumu nani?

Nikaenda kupokea chupa. Nilifungua mlango kiasi cha mkono kupita, na kupitia upenyo ule nikamwona Mzee Ngwali amevaa kanzu safi na koti juu yake, begi la turubai begani, brashi mbili za chokaa zimechomoza kwenye zipu.

"Shikamoo, mzee wangu. Unasafiri?"

"Marahaba, Sista. Nakwenda nyumbani, siku tatu tu. Nataka nikipake chokaa chumba chake, kimeingia ukungu. Kifua chake hakitaki ukungu. Uji nimemwachia kazi Bi. Salha, atamletea." Alinikabidhi chupa. Ilikuwa ya moto bado. "Leo nimeweka maziwa. Mwambie asinune nikikawia."

Bi. Salha alikuwa anatikisa kichwa kukubali wajibu wake. Gari lilikuwa linamngoja huko mbele, alisema mzee, na dereva wake hana subira. Akaniaga. Akageuka.

Nikafunga mlango.

Naam, nilifunga. Niliushikilia kwa mgongo na chupa nimeikumbatia.

Mwache aende. Atakwenda na furaha yake mpaka kwao. Atakoroga chokaa akiimba. Siku tatu atakuwa baba wa mtu anayepona, na siku tatu za namna hiyo ni nyingi, kuna watu hawazipati maisha yao yote.

Atarudi na kucha nyeupe, nitampa chupa imejaa, ya Bi. Salha.

Hatauliza kasemaje.

Au atauliza. Nitamjibu nini? Nitasema kwa ulimi wa nani?

Mkono wa Raya una joto bado. Joto hilo ni mali ya nani? Nyumba inalifanyia nini? Tunalipima, tunaliandika, tunalipima tena.

Mimi nimekula haki ya mtu mara kumi na moja. Sasa nataka na hii.

Niligeuka. Nyuma yangu ukumbi ulikuwa umerefuka, vitanda vimekwenda mbali, na mbele yangu mlango ulikuwa karibu sana hata nikasikia harufu ya rangi yake. Niliogopa. Sikuogopa Matroni wala kufukuzwa kazi. Niliuogopa uso wa mzee yule. Nikapiga moyo konde, nikafungua mlango, na safari hii niliufungua wote, mpaka ukagonga ukuta. Benchi lote liliinua macho. Hawakuwa wamewahi kutuona miguu.

Mzee Ngwali alikuwa amefika mwisho wa kivuli cha jengo. Nikamwita. Alirudi haraka, akishikilia begi lisimpige kiunoni.

"Mzee wangu, usiende."

"Kuna nini? Uji umemwagika?"

"Raya anaondoka leo. Daktari hana la kufanya, na sisi hatuna. Ingia umshike mkono, yu hai bado."

Alinitazama, halafu akaitazama chupa mikononi mwangu, halafu akanitazama tena. Alikuwa anatafuta makosa katika hesabu yangu, na alikuwa mpole katika kuyatafuta, kama ambavyo mtu humsahihisha mtoto wa mwenzake.

"Lakini anakula, Sista."

"Hali, mzee wangu. Hajala tangu alipoletwa. Ana mrija kooni, hawezi kumeza hata mate."

"Chupa zinarudi tupu."

"Nilikuwa nakunywa mimi."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alilitua begi chini taratibu, akazigeuza brashi zake zisikunjike manyoya, na alikawia katika kazi hiyo ndogo kuliko ilivyohitaji. Nilisimama pale na aibu yangu yote, na haikunifaa kitu.

Ni Bi. Salha aliyesema. Alisema bila kuinuka, macho yake kwenye mlango uliofunguka.

"Na ya kwangu, Sista? Ya kitanda cha tatu nayo unainywa wewe?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, nimeuzoea.

"Hapana, Bi. Salha. Ya kwako inamwagwa."

Neno hilo lilitembea kwenye Benchi kutoka mtu hadi mtu mpaka ukafika huko nisikoona. Waliokuwa wamekumbatia chupa walizishusha chini. Mwanamke mmoja aliifungua yake akaanza kuinywa mwenyewe, polepole, akilia. Nilikuwa nimewavunja wote kwa ajili ya mmoja, na sikuwa na hakika kama ni haki. Sina hakika hata sasa. Nilivua kiatu changu kimoja, nikakibana chini ya mlango usijifunge, nikawaambia, "Anayetaka kuingia na aingie." Hakuna aliyesimama. Walilitazama tundu lile kubwa la mwanga, wakanitazama mimi, wakabaki walipo. Walikuwa wamekaa muda mrefu mno chini ya yale maandishi. Mzee Ngwali peke yake ndiye aliyepita, na alipokuwa anapita alivua ndara zake kizingitini.

Tulitembea, yeye pekupeku na mimi na kiatu kimoja. Ukumbi ulikuwa mfupi sasa, hatua chache tu. Matroni Sabela alikuwa amesimama penye kitanda cha saba. Aliutazama mguu wangu, akamtazama mzee, nikadhani atasema neno. Alivuta kiti cha chuma akakisogeza kando ya kitanda, akaenda kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo.

Asubuhi nilikuwa nimemwosha Raya na kumpaka mafuta midomoni. Mzee Ngwali hakukaa mara moja. Alimtazama kuanzia miguuni, kila mrija, kila plasta, mpaka alipofika usoni akakaa.

"Ananisikia?"

"Sijui, mzee wangu."

Lilikuwa jibu la kwanza nililompa ambalo sikulitunga. Aliuchukua mkono wa binti yake, akaufunika kwa viganja vyote viwili.

"Raya. Baba huyu."

Akangoja. Mashine ikapumua. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mimi si mtu wa maneno. Nyumbani msemaji alikuwa yeye. Mimi nilikuwa naitika tu."

"Si lazima useme, baba. Kumshika kunatosha."

"Hakutoshi," alisema. "Kaa."

Hapakuwa na kiti kingine, nikakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu ya Raya.

"Mimi mpaka jana nimepika kumi na moja. Umekula wewe. Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ulivyokuwa. Siku baada ya siku. Asiondoke hajui kwamba nilimpikia." Hapo ndipo alipogeuka, na uso ule nilioukimbia nikauona, na haukuwa na msamaha wala hasira, ulikuwa na kazi tu. "Na usiongeze kitu."

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa ngeni kwangu, sauti ya mtu mmoja. "Raya, siku ya kwanza baba yako alikuletea uji wa mtama. Ulikuwa na mabonge. Mengine yalikuwa na unga mkavu ndani, ikabidi niyatafune. Siku ya pili ulikuwa na chumvi."

"Lile la chumvi ulilisema wewe?"

"Nililisema mimi."

Alifumba macho. Akafanya ishara kwa kidole kwamba niendelee. Nikaendelea. Siku ya tatu ulikuwa mzito, ukanisimama kooni. Siku ya nne aliweka ndimu, ikazidi. Siku ya tano mabonge yalipungua. Siku ya sita uliungua, na ndani ya chupa kulikuwa na harufu ya moshi, na nilielewa kwamba alisinzia jikoni. Mzee Ngwali akatikisa kichwa, kweli, alisinzia. Siku ya saba na ya nane nilikunywa haraka kwa sababu ya kazi, sikuonja vizuri, na nikamwomba Raya radhi kwa hilo. Mkono wa mzee ulikuwa unausugua mkono wa binti yake taratibu, wakati wote, bila kuacha.

"Siku ya tisa," nilisema, "uji ulikuwa mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Haukuwa na bonge hata moja. Ulikuwa umeiva, mwepesi, na sukari imetosha. Nilipoumaliza nilikaa kidogo na chupa mapajani, sikutaka kutoka. Nilitamani awe ameunywa yeye."

Mlio wa mashine ukabadilika. Ukawa mlio mmoja, mrefu. Matroni Sabela alitoka dirishani, akanyoosha mkono, akauzima. Nikaacha kusema. Nilimtazama Raya, nikaitazama saa ukutani kwa mazoea, nikatafuta lile neno zito ambalo miaka yote chupa zilinisaidia kutolisema.

Mzee Ngwali hakuuachia mkono, wala hakuinua kichwa.

"Bado siku mbili," alisema.

Nikamwambia Raya habari za siku ya kumi.